Filamu Iliyopita Njia ya Panya

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, Apolot aliketi karibu na dada yake Amuge, aliyekuwa akisomea chuo kikuu kwa njia ya simu, nyumbani kwao Malaba. Wiki hiyo mhadhiri aliwawekea wanafunzi wake filamu kuhusu madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka. Apolot alipouona mtaa wao, hakutulia tena.

Amuge alipokwenda kuepua ugali, Apolot aliirekodi filamu kwa simu ya mama, akamtumia rafiki yake Eriaku. Eriaku naye akampa kaka yake, mwenye kibanda cha video. Jumamosi kibanda kilijaa pomoni, watu wakilipa kiingilio.

Jumatatu filamu haikufunguka. Mwenyewe, Mzee Ongodia wa Kocholia, alikuwa amesikia inaonyeshwa kibandani, akalalamika, na chuo kikaifunga.

"Mtihani ni kesho kutwa, na unahusu filamu hii!" Amuge alifoka, machozi yakimlengalenga. "Nani ameitoa?"

"Ni mimi. Lakini dada, si ni ya bure? Mwalimu wenu anawaonyesha tu."

"Ya bure! Nani alikudanganya?"

Amuge alikasirika hata chakula kikamshinda. Apolot, roho juu, alikumbuka kwamba namba ya Ongodia iko mwishoni mwa filamu. Akampigia, akakiri kosa lake.

"Wewe ni mtoto wa Malaba," Ongodia alisema kwa ukali. "Njia ya panya unaijua?"

"Ndiyo, mzee. Ile ya kupitisha sukari watu wa forodha wasione."

"Basi ndiyo uliyopitishia filamu yangu. Nilimruhusu mhadhiri awafundishie wanafunzi wake. Sikumruhusu mtu aichukue akaiuze. Itoeni huko kwanza, ndipo niongee na chuo."

Apolot alikimbia hadi kibandani. Kaka wa Eriaku alinuna, akabisha, mwishowe akaifuta. Eriaku akafuta yake, Apolot naye akafuta ya simu ya mama, kisha akamjulisha Ongodia.

Kesho yake jioni filamu ilifunguka. Amuge aliinamia simu, bado hataki kuongea na mdogo wake. Ongodia akapigia simu ya mama.

"Binti, ukitaka kutumia kazi ya mtu, muulize mwenyewe. Ungeniuliza tu, ningekuja shuleni kwenu niwaonyeshe wote bila kiingilio."

Apolot alitamani kulia. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo!

"Basi naomba, mzee."

"Haya, sasa umeomba. Mwambie mwalimu wako anipigie."