Kiti cha Asiyesema

Asubuhi kiti kilikutwa kimegeuzwa, kinatazama ukuta. Mfagiaji wa hospitali aliapa kwa viapo vyote anavyovijua kwamba jana yake alikiacha katikati ya chumba, mbele ya ubao, na kwamba ufunguo haukutoka mfukoni mwake.

"Basi kimetembea," Matroni akamwambia. "Si kina miguu? Kigeuze tuendelee na kazi."

Mfagiaji hakukigusa. Matroni, mwanamke aliyesifika kuwa haogopi kitu chochote duniani isipokuwa kustaafu, akakigeuza mwenyewe. Alipojifuta jasho usoni, akasikia vidole vyake vinanuka bandeji mbichi iliyoloweshwa iodini. Hospitali kunuka dawa si habari. Lakini harufu hii aliijua ni ya chumba hiki, tangu kilipokuwa bado na kitanda. Akaenda kunawa mikono. Alipomaliza akanawa tena.

Zamani kilikuwa chumba cha pembeni cha wodi ya wanaume. Sasa kitanda kimeondolewa, pamewekwa ubao, feni na viti vya mbao, na wafanyakazi wote, kuanzia madaktari mpaka bawabu wa getini, walitakiwa kupita humo wafundishwe kuwahudumia watu wenye usonji na wenye ulemavu wa akili. Si wote waliofurahi. "Mimi nina mume asiyesikia la mtu," alinong'ona muuguzi mmoja mnene, "nifundishwe nini tena?"

Miongoni mwa waliokuja alikuwemo binti wa mwisho wa Matroni, muuguzi mpya, ambaye wodi nzima ilimwita Kitinda. Matroni alimlea peke yake, akamsomesha kwa zamu za usiku, na siku binti alipovaa sare nyeupe kwa mara ya kwanza mama mtu alilia mbele za watu bila haya. Kitinda naye alitaka kitu kimoja tu maishani, kuwa kama mama yake.

Mwalimu wa mafunzo alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Mlangoni alimkumbatia Matroni, akamwita dada, akamshukuru kwa jambo ambalo wengine hawakulielewa. Kisha akasimama mbele ya ubao.

"Nafundisha kwa sababu ya kaka yangu," alisema. "Hakuwahi kutamka neno maisha yake yote. Alikuwa anagonga. Meza, mlango, chochote kilicho karibu. Mbili za haraka na moja nzito, hapo ujue anaumwa. Nyumbani hata watoto walijua. Nilimleta hapa tumbo likimsumbua, nikawaeleza waliompokea. Ila hakupimwa. Walidhani kugonga ni tabia yake, ndivyo alivyo. Kumbe utumbo ulikuwa umeziba."

Akapangusa vumbi la chaki vidoleni.

"Kuna kitu kimoja ninachoshukuru. Muuguzi wa zamu aliniambia kwamba usiku ule wa mwisho alitulia. Hakugonga tena. Alilala kimya mpaka Mungu alipomchukua. Nikikosa usingizi, najikumbusha hilo."

Akamtazama Matroni na kutabasamu. Matroni akatazama viatu vyake. Alitamani sakafu ipasuke immeze, na sakafu, kama kawaida yake, haikupasuka.

Zoezi lilikuwa hili. Mtu mmoja akae kwenye kile kiti awe mgonjwa asiyesema. Mwalimu atamnong'oneza mahali anapoumwa, na wengine wahangaike mpaka wapajue. Mgonjwa haruhusiwi kusema neno hadi Mwalimu amguse bega.

Kitinda alinyoosha mkono kabla ya wote. Matroni alifungua mdomo kumkataza, ila angetoa sababu gani?

Mwanzoni ilikuwa vichekesho. Muuguzi mnene alimsogelea na kumpigia kelele sikioni, "UNAUMWA WAPI?" kana kwamba asiyesema ni kiziwi. Daktari kijana alimmulika macho kwa tochi. Bawabu alimwuliza kama ameshakula. Watu walicheka, Mwalimu naye akacheka. Nje mvua ilianza kunyesha, mchana ukaingia giza, mtu akawasha taa.

Kitinda akainua mkono, akagonga kwenye egemeo la kiti. Mbili za haraka, moja nzito.

Darasa likapiga makofi. Mwanafunzi hodari huyo! Mwalimu akamgusa bega na kusema, "Asante, mwanangu, imetosha."

Kitinda aliendelea kugonga.

Akaguswa tena, akaitwa kwa jina lake na kwa lakabu yake, mama yake akamwita kwa lile jina la utotoni ambalo huitwa nyumbani tu, naye aligonga, macho ameyakaza kwenye feni iliyokuwa ikizunguka bila sauti, na makofi yalipokoma na vicheko vilipokauka ndipo wakasikia kwamba sauti ile haikuwa ya kidole juu ya mbao bali ya kidole juu ya chuma, chuma cha kitanda, katika chumba ambacho kitanda chake kilikwisha kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na kwamba kila Kitinda alipogonga, ukuta wa nyuma yake uligonga pia, ukichelewa kidogo, na harufu ya iodini ikapanda kutoka sakafuni ikawafika kooni mpaka muuguzi mnene akaziba pua kwa kiganja na kunong'ona, "Mungu wangu, ni nini hiki?"

"Mshikeni," daktari kijana alisema. "Leteni sindano ya kumtuliza. Na bandeji, asije akajiumiza."

Mazoea yana taabu. Walikuwa wametoka kufundishwa, ubao bado umeandikwa kwa herufi kubwa MSIKILIZE KWANZA, lakini watatu kati yao wakamrukia. Mmoja alishika mabega, mwingine miguu, na wa tatu akaukunjua mkunjo wa bandeji akaupitisha kwenye kifundo cha mkono wa Kitinda na kwenye egemeo la kiti. Matroni alipoiona bandeji ile nyeupe ikizunguka kifundo cha mwanawe, alipiga ukelele uliomleta mfagiaji mbio.

"Msimfunge! Nawaomba, msimfunge!"

Mfagiaji aliangalia mara moja tu, akageuka na kutoka. Aliporudi alikuwa amemshika mkono bibi mmoja mfupi, aliyekuwa kwenye foleni akisubiri dawa zake za presha. Mtaa mzima ulijua bibi yule ni fundi wa majini. Siku nyingine daktari kijana angekuwa wa kwanza kumcheka.

Bibi hakufukiza wala kusoma kitu. Aliinua pua hewani, akaweka kiganja ukutani, akakaa hivyo.

"Jini lilikuwa linakaa humu kabla yenu," alisema polepole. "Halikuwa na shida na mtu. Kisha akaletwa mtu anayeita, na katika jengo hili lote hakuitikiwa na yeyote. Likamsikiliza lenyewe mpaka likaijua lugha yake. Sasa linawaambia alichowaambia. Siwezi kulitoa, wanangu. Limeshika neno la mtu, na halitaliachia mpaka lisikiwe. Nani alikuwa zamu?"

 Kitinda alianza kuugulia kwa sauti nzito isiyokuwa yake, midomo imempauka, na vidole vilivyokuwa vikigonga vilikwisha kuchubuka.

"Mimi," Matroni alisema.

Alimgeukia Mwalimu, maana hapakuwa na njia ya kulisema bila kumtazama.

"Hakutulia, dada. Aligonga tangu jioni. Tulimpa jina, tulimwita Gonga, tukacheka. Wagonjwa wengine wakalalamika hawalali. Nikachukua bandeji, nikamfunga mikono yote miwili kwenye chuma cha kitanda, nikailowesha kwa iodini maana ndiyo iliyokuwa karibu, alikuwa amechubuka vidole. Nikafunga na mlango. Asubuhi nikamfungua kabla hujafika. Ulinieleza maana ya kugonga kwake, nami nilikujibu, sawa dada, usijali. Nilikusikia vizuri kabisa. Nilikuwa nimechoka, nikasema ndivyo alivyo."

Mwalimu hakupiga kelele. Alikaa sakafuni na gauni lake zuri.

"Kumbe alikuwa akiniita," alisema. "Miaka yote hii nashukuru kimya chake."

Matroni akaanza kulia na kuomba radhi, "nisamehe, nisamehe," na kugonga kukazidi, ukuta mzima ukagonga, vioo vya dirisha vikatikisika.

"Nyamaza!" bibi akamkemea. "Unalia ya kwako. Yeye umemuuliza?"

Matroni akajifuta macho kwa mkono wa sare. Akaizima taa, akaisimamisha feni, pasiwe na cha kumsumbua. Akaifungua bandeji, akapiga magoti mbele ya kiti, akaweka mkono wake wazi juu ya paja la binti yake bila kumshika, akangoja. Haikuwa rahisi. Kila alipotaka kusema neno alijiuma mdomo. Baada ya muda mrefu, mkono wa Kitinda uliacha kugonga, ukatambaa, ukaushika mkono wa mama na kuusogeza chini ya kitovu, upande wa kushoto, ukaukandamiza hapo. Mkono ule ulikuwa mzito na wa baridi, mkono wa mwanamume.

"Tumbo," Matroni alinong'ona. "Hapa. Unaumwa hapa. Nimesikia."

Ukuta ukanyamaza. Harufu ikapungua, ikabaki ya mvua tu.

Kitinda akapepesa macho. "Mbona mnalia?" aliuliza. "Nimekosea zoezi?"

Mwalimu aliinuka, akakusanya vitu vyake. Mlangoni alimnong'oneza Matroni bila kumtazama. "Hawa wote watanyamaza, nitawaomba. Binti yako utamwambia mwenyewe. Mimi niliishi na uongo wako. Yeye asiishi nao."

Bibi alipita nyuma yake, akirudi kwenye foleni yake. "Halijatoka, mama," alimwambia Matroni. "Limesogea tu. Usilicheleweshe."

Matroni aliahidi kumwambia siku ileile. Siku ileile Kitinda alichoka. Kesho yake alikuwa na furaha mno, na furaha ya mtoto nani anataka kuivunja? Wiki iliyofuata alirudi nyumbani akiwaiga wenzake walivyokuwa wakimsifu, akasema, "Mama, wanasema wewe peke yako ndiye uliyejua la kufanya. Siku moja nitakuwa kama wewe." Matroni akampakulia chakula, akasema kesho, lazima kesho.

Jioni moja baada ya kula, Matroni alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha sebuleni. Maumivu yakamshika chini ya kitovu, upande wa kushoto, makali kama kisu. Akafungua mdomo amwite mwanawe aliyekuwa akiosha vyombo. Ulimi haukutoa neno. Akataka kugonga egemeo la kiti, mbili za haraka, moja nzito, maana Kitinda angesikia, Kitinda alifundishwa.

Mikono haikuinuka. Ililala juu ya maegemeo yote mawili kana kwamba imeshonewa pale.

Sahani zikaacha kulia jikoni. Labda ni harufu ya iodini iliyomtoa binti. Alikuja akikausha mikono, akamwona mama yake, na hakupiga kelele. Alizima taa kubwa. Akapiga magoti. Akaweka mkono wake wazi, akangoja, kama mama yake alivyofanya.

"Nionyeshe, mama," alisema kwa upole. "Sina haraka. Wapi?"

Machozi yalimtiririka Matroni hadi shingoni, na mikono haikusogea.

Kitinda akainama karibu zaidi. Katika mwanga wa jikoni aliona, kwenye kifundo cha mkono wa kulia na cha kushoto, mistari miwili myekundu inayozidi kuzama kwenye nyama, na rangi ya kahawia ya iodini ikienea taratibu kuizunguka.

"Mama," alinong'ona. "Nani kakufunga?"

Ukutani, nyuma ya kiti, kitu kikajibu kwa kugonga.