Nani Alichagua Hii Nyumba?

"Hii ndiyo nyumba yenyewe?"

Wifi yangu alisimama getini, begi begani, akaikagua ile nyumba kama anavyowakagua wanafunzi waliochelewa. Ni mwalimu mkuu, na hata likizo hajui kuuacha ukuu wake shuleni.

"Ndiyo yenyewe," nikasema.

"Na bwawa la kuogelea liko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kitu, sijui nikiite beseni kubwa la saruji, na ndani yake maji ya kijani ambayo hata chura angeyaonea kinyaa.

Jamani, mimi picha niliziona. Mtandaoni maji yalikuwa ya bluu, mapazia meupe yanapepea, na imeandikwa vyumba vinne. Tulichokikuta ni vyumba viwili vya kulala, mapazia rangi ya chai ya jana, viti vitatu vya plastiki, kochi moja kuukuu na friji inayonguruma kama ina kinyongo na sisi. Nikampigia mwenye nyumba. Simu ikaita mpaka ikakata. Nikamwandikia ujumbe:

"Habari. Tumefika. Tuliambiwa vyumba vinne, tunaviona viwili."

Mtu asiyepokea simu, lakini jibu likaja upesi:

"Karibuni sana wapendwa. Viko vinne: viwili vya kulala, sebule na jiko. Furahieni."

Nilitamani kuitupa simu kwenye lile beseni.

Sasa nikwambie jambo ambalo pale getini tulilijua watu wazima wawili tu, mimi na mume wangu. Tulikuwa tumeshatengana. Alikuwa amehama nyumbani, amepanga chumba karibu na kazini kwake, anakotengeneza lifti za maghorofa. Ndugu zake tuliwaambia amewekwa zamu ya usiku. Mama yake alikuwa ametoka kupasuliwa goti na hatukutaka kumpandisha presha. Na mama huyohuyo ndiye aliyeomba likizo hii, kwamba kabla hajazeeka zaidi akae na wanawe wote sehemu moja, wale, wacheke. Tukakubaliana tuigize mke na mume mpaka siku ya kuondoka, halafu tumkalishe mama chini tumwambie ndoa imekwisha. Maneno nilishayapanga. Shida ni kwamba mwanaume mwenyewe nilikuwa bado nampenda, na hilo sikumwambia mtu.

Tukaingia sebuleni. Wifi akapitisha kidole juu ya meza, akakiangalia.

"Nauliza tu. Nani alichagua hii nyumba?"

Shemeji, yaani mume wa wifi, akajifanya anachunguza feni. Huyu ana duka la vifaa vya ujenzi na ana akili ya kukaa mbali na ugomvi.

Nikavuta pumzi nijibu. Kabla sijafungua mdomo, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Mimi."

Ni mume wangu. Kwao wanamwita Mpole, tangu mdogo.

"Wewe?" Wifi akageuka, na uso wote ukabadilika. "Ah, pole kaka'angu. Watu wa mitandaoni wezi hao. Hata mimi wangeniingiza mkenge. Usijisikie vibaya, ni mahali pa kulala tu."

Umeona? Kosa ni lilelile. Likiwa langu, ni uzembe. Likiwa la kaka, ni pole.

Mama mkwe, yeye alishaizunguka nyumba yote kwa fimbo yake, peke yake, anatabasamu. Akamshika binti yetu bega, akaanza kugawa vyumba.

"Mimi na mjukuu wangu na dada yenu, chumba hiki. Mpole na mkewe, kile. Maskini, na hizo zamu za usiku hamuonani."

"Na mimi, mama?" shemeji akauliza.

"Wewe kochi."

"Haya. Hata nyumbani nalijua kochi vizuri."

Wifi akamkata jicho. Mimi nilishashika begi, naelekea chumbani, na Mpole ananifuata. Kitanda kilikuwa kimoja, godoro limebonyea katikati kiasi kwamba ukiketi upande huu unateleza mpaka katikati upende usipende. Mlango hauna kitasa. Nikausukumia begi ili ufungike.

"Nani alikutuma?" nikamuuliza, kwa sauti ya chini lakini kali.

"Nilikuwa nakukinga."

"Hukunikinga. Umenificha."

"Tofauti yake nini?"

"Ungenikinga, ungemwambia dada yako aongee na mimi vizuri. Wewe umemwachia ubaya wake, ukanitoa mimi njiani. Kesho atautoa tena."

Akakaa kitandani, akateleza, akajiweka sawa. Siku nyingine ningecheka.

"Unataka nigombane na dada yangu?" akasema. "Yule ndiye aliyenilea. Mama alikuwa anatoka kazini mimi nimeshalala. Dada ndiye aliyenifundisha kufunga viatu."

"Sikukuambia ugombane. Nilikuambia uongee. Miaka yote ya ndoa nimekuomba hicho kimoja."

"Mimi nadhani nikinyamaza mambo yanaisha yenyewe."

"Yameisha, si unaona? Una chumba chako, nina changu."

Aliangalia mikono yake, ile mikono yenye makovu ya vyuma. Nikatoka nje nisije nikalia mbele yake.

Jioni tukala sebuleni. Viti vitatu, watu sita, na kochi shemeji ameshalitandika shuka. Mama, wifi na shemeji wakapata viti, sisi wengine tukakaa kwenye mkeka, sahani mapajani. Na sema usemavyo, mambo yalianza kuwa mazuri. Shemeji alikuwa anasimulia mteja aliyerudisha rangi baada ya kupaka ukuta mzima, mama anacheka mpaka anafuta machozi. Nikajisahau. Nikacheka mimi pia, na Mpole akanitupia jicho, tukacheka wote wawili kama zamani.

Ndipo binti yetu, ana miaka saba tu, akamgusa baba yake goti.

"Baba, hapa unaruhusiwa kulala na mama?"

Kicheko kikakatika.

"Kwa nini asiruhusiwe, mjukuu wangu?" mama akauliza.

"Kwa sababu baba ana kwake. Mimi huwa naenda Jumamosi. Ana sufuria moja."

Mama akaweka kijiko chini. Alituangalia mmoja mmoja, mimi, halafu mwanawe.

"Zamu za usiku," akasema taratibu. "Kumbe."

Shemeji akamshika mtoto mkono. "Njoo tukaangalie kama hilo bwawa lina samaki." Akatoka naye. Nakwambia yule mtu ana akili.

Wifi hakusubiri mlango ufungwe.

"Mimi nilijua. Nilijua tangu zamani. Mwanamke anashinda na keki za watu, anakesha na oveni, ataiona saa ngapi ndoa yake? Kaka yangu mpole mpaka anafukuzwa nyumbani kwake."

Keki ndiyo kazi yangu. Za harusi, za siku za kuzaliwa, naoka usiku, napamba alfajiri. Nilimeza maneno. Nilikuwa nimeapa nisimjibu tena, maana majibu yangu huwa yanageuka kesi na hukumu yake naijua. Nikamwangalia Mpole. Alikuwa ameinamia sahani yake, vilevile ninavyomjua. Nikasema moyoni, basi, imekwisha, kesho naondoka na mwanangu.

Mpole akaisukuma sahani pembeni.

"Dada, nyumba hii sikuichagua mimi."

"Nyumba tena? Mimi naongelea ndoa yako, wewe..."

"Aliichagua mke wangu. Mchana nilidanganya. Alitafuta wiki nzima nyumba isiyo na ngazi, kwa ajili ya goti la mama. Zote nzuri zilikuwa za ghorofa. Akanitumia ujumbe, 'Nimepata moja, haina ngazi hata moja, mama atatembea bila kushikwa mkono.' Na hatukuwa tunaongea wakati huo, dada. Tulikuwa tumeshatengana, na bado alikuwa anahangaikia goti la mama yetu."

Mama akaishika fimbo yake, akaiangalia kama ndiyo anaiona leo.

"Sawa," wifi akasema, "hilo ni jema, sikatai..."

"Sijamaliza."

Neno hilo sijawahi kulisikia kwake. Hata yeye lilimtisha, lakini akaendelea.

"Hakunifukuza. Nilihama mwenyewe kwa sababu nilikuwa siwezi kumwangalia usoni. Unakumbuka mimba yake ilipotoka? Tulikuja kwako Jumapili iliyofuata. Mezani ukasema, 'Anayekesha kwenye oveni atabebaje mimba.' Wote wakasikia. Mimi nikasikia. Unajua nilifanya nini?"

Wifi akagusa miwani yake.

"Niliomba chumvi. Mke wangu ananiangalia, anasubiri niseme neno moja, mimi nikaomba chumvi." Akajifuta macho kwa mkono. "Yule mtoto alikuwa wangu pia, dada. Nilikuwa nimeshamchagulia jina. Sikumwambia mtu, hata mke wangu hajui."

Sikujua. Haki ya Mungu sikujua. Nilidhani nililia peke yangu miezi yote ile, nikamchukia kwa macho yake makavu, kumbe mwenzangu alikuwa analia kazini, ndani ya mashimo ya lifti.

Wifi alikuwa amekaa wima kama yuko ofisini, lakini kidevu kinacheza.

"Kwa nini hukuniambia?" akamuuliza mdogo wake.

"Nakuogopa."

"Mimi?"

"Wewe, dada. Nakupenda na nakuogopa. Tangu mtoto, ukipaza sauti mimi natafuta pa kujificha. Nikaoa, nikawa najificha nyuma ya mke wangu, yeye ndiye anayepigwa."

Wifi akanigeukia.

"Wifi, lile neno nililisema kweli?"

"Ulilisema."

"Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka, wifi. Nakumbuka hata gauni ulilovaa."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Kusema samahani hajazoea. Shuleni wanaoombwa msamaha ni walimu wakuu. Mwisho akashuka kwenye kiti chake, akakaa chini kwenye mkeka karibu na mimi, goti kwa goti.

"Nisamehe," akasema. "Mimi nilipoteza wawili kabla ya kumpata mwanangu wa kwanza. Nilikuwa sitaki hata kulisikia neno mimba. Hicho si kisingizio. Nilikukosea sana."

Nilimshika mkono tu, nikauacha ukae ndani ya mkono wangu. Kusamehe kwenyewe kungekuja, lakini mkono ulikuwa mwanzo.

Mama akakohoa.

"Mnanificha mimi kwa sababu ya goti. Walinipasua goti, hawakunipasua moyo. Mpole, nguo zako ziko wapi?"

"Kule nilikopanga, mama."

"Mkwe wangu, zirudi?"

Wote wakaniangalia isipokuwa Mpole, yeye alikuwa anaangalia mkeka, na nilijua akiachwa hivyo atanyamaza mpaka kesho na nitajikuta nimejibu kwa niaba yake, kama kawaida yetu.

"Mama, nguo zake sizitaki," nikasema. "Kabati lina nafasi, si hilo. Nikisema ndiyo leo, tukirudi atanyamaza tena, na mimi nimechoka kuishi na mtu ninayemkisia. Mwaka mzima namkisia. Kama anataka kurudi, aniombe yeye. Nisikie kwa masikio yangu."

Kama angenyamaza pale, ile ndoa isingekuwa na pa kurudi tena, na yeye alilijua hilo.

Akainua uso. Nikaona anamtazama dada yake, kwa mazoea tu, kama anayeomba ruhusa.

Wifi akatikisa kichwa.

"Usiniangalie mimi, mdogo wangu. Mwangalie mkeo."

Akaniangalia.

"Nataka kurudi nyumbani," akasema. "Nimekukosa. Kile chumba nakichukia. Nakupenda, na naogopa utasema hapana, na bado naomba."

"Na jina?" nikamuuliza. "Jina la mtoto. Ulimwita nani?"

Akaja akakaa mbele yangu, akaninong'oneza sikioni. Lilikuwa jina la marehemu mama yangu.

Nililia mbele ya mama mkwe na wifi, kwa sauti, bila aibu, na mume wangu akalia na mimi.