Hodi Baharini

Maiti ya Bwana Pita ilikuwa na mikono safi mno. Hilo ndilo lililomkera Inspekta Valentini alipoinama kwenye shimo la injini, ndani ya yoti iliyofungwa gatini Kilwa Masoko. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Spana ilikuwa karibu na vidole, lakini vidole vyenyewe havikuwa na hata tone la grisi.

"Alikuwa akitengeneza injini," alisema Yunusu, baharia wa yoti hiyo. "Imekufa tangu Jumatatu. Akateleza. Tumemleta kwa matanga, mimi na mpishi."

Ulikuwa mwaka wa 1993, miaka ya ruksa, milango ya biashara ikiwa wazi, na Bwana Pita alikuwa Mzungu aliyezunguka bandari hadi bandari akitafuta ufuo wa kujenga hoteli. Valentini aligeuza ufunguo. Injini ikaitika papo hapo. Akaizima, akamtazama Yunusu. Yunusu akatazama sakafu.

Daktari aliyeichunguza maiti hakuzunguka mbuyu. "Pigo limetoka nyuma. Mtu anayeteleza hapasuki hivi."

Mpishi, Cletus, alihojiwa jikoni mwake, mahali ambapo watu wawili hawakuweza kusimama bila kugusana.

"Jana Bwana Pita alipokufa ulikuwa wapi?"

"Nilishuka Songo Mnara kununua samaki. Niliporudi nilimkuta Yunusu peke yake na maiti."

"Na injini ilikuwa mbovu?"

Cletus alicheka kidogo, kisha akajuta. "Afande, injini hii ni mbovu kila bandari. Watu wakija na mitumbwi kuomba lifti, tunawajibu hivyo. Amri ya tajiri. Hata Jumatatu ulikuja mtumbwi, Yunusu akajibu kama kawaida."

"Na Jumanne?"

"Aliomba ruhusa aende kumwona mkewe, Esha. Kwao ni hapo hapo Songo Mnara. Alikuwa mjamzito."

Valentini alipanda gatini kuvuta pumzi. Mwanamke wa makamo alikuwa amesimama juani, bakuli limefunikwa kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mimi ni Sada. Nimevuka kutoka Songo Mnara kumletea mkwe wangu chakula. Mwoneeni huruma, ana msiba. Mwanangu tumemzika Jumatatu, yeye na kichanga chake. Uchungu ulimshinda. Tulimtia mtumbwini tukaifuata boti hii itukimbize hospitali, kumbe injini mbovu."

"Nani alikwambia?"

"Mwenyewe mkwe wangu. Hakutoka, lakini sauti yake naijua."

"Hukumwita jina?"

"Astaghfirullah! Mkwe haitwi jina, baba. Nilisema, hodi wenye chombo, tuna mgonjwa."

Valentini alikuwa askari kwa miaka ishirini na mmoja. Siku hiyo alitamani angekuwa fundi cherehani. Alirudi ndani, akaketi mbele ya Yunusu.

"Mkweo yuko nje."

Yunusu alifumba macho. "Nimeua, afande. Andika."

"Kwa nini?"

"Andika nimeua tu."

"Jumatatu ulikuwa wapi mtumbwi ulipokuja?"

"Chini, napampu maji. Pampu inapiga kelele. Nilisikia hodi, sauti sikuitambua."

"Ulisikia mgonjwa?"

Yunusu aligeuza uso ukutani.

"Yunusu!"

"Nilisikia mgonjwa! Wagonjwa wapo kila bandari, afande! Sikuinua hata kichwa. Nikasema injini mbovu, nikaendelea kupampu. Jumanne nikashuka na kanga mpya ya Esha, nikakuta matanga. Mama mkwe ndiye anayenibembeleza, ananiambia usijilaumu, baba, chuma hakina ahadi. Nikarudi botini. Tajiri anakunywa chai. Akaniambia, umechelewa, washa injini twende Lindi." Alifuta uso kwa kiganja. "Ule mkono wa chuma wa kuzungushia kamba ulikuwa mkononi mwangu. Nimeutupa baharini."

"Ungeweza kukimbia."

"Niende wapi? Afande, ninyonge. Ila usiandike injini ilikuwa nzima."

"Bila injini, umeua kwa nini?"

Valentini alifunga daftari; la kuvunda halina ubani. "Mahakamani mkweo atasikia," alisema. "Leo sitamwambia."

Walitoka, Yunusu na pingu mikononi. Bi Sada alishusha bakuli, akalifunua, akaanza kulia upya.

"Wali wa nazi, baba. Kula. Mungu ndiye aliyepanga, si wewe."

Yunusu alinyoosha mikono yote miwili, maana pingu hazikumruhusu kunyoosha mmoja.

Nyuma yao mlinzi wa gati alipiga kelele kwamba boti ya mizigo inataka nafasi, yoti isogezwe. Valentini aligeuka kukataa. Alichelewa. Cletus, mtu mtiifu, alikuwa ameshageuza ufunguo.

Injini ikanguruma, nzima kabisa, bila hata kukohoa.

Bi Sada aliisikiliza. Alimtazama Inspekta, ambaye alitazama pembeni. Kisha akamtazama mkwewe kwa muda mrefu.

"Yunusu," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina. Alilifunika bakuli, akalirudisha kichwani, akaondoka bila kuaga.