Kifo cha Mpiga Besi wa Kasoli

Paschal Mayige alikuwa amelala chali katikati ya nyaya, gitaa lake la besi likiwa bado kifuani. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimejikunja kana kwamba vingali vimeshika kitu. Pembeni yake stendi ya maiki ilikuwa imeanguka. Viti vya plastiki vilikuwa vimepinduka ovyo, na juu ya kimoja kulikuwa na kamera ya mpiga picha aliyekodiwa kutoka Bariadi mjini. Mwenyewe alikuwa nje, anatapika.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne kasorobo asubuhi, katika ukumbi mdogo wa kwaya, Kasoli.

"Nani amemgusa?" aliuliza Mkaguzi wa Polisi Generoza Shigela.

"Karibu wote, afande," alijibu Koplo Mayunga. "Walimwinua, wakampepea, wakamwagia maji. Ila kwanza mwalimu wa kwaya alichomoa umeme."

Mwalimu wa kwaya, Esteria, alikuwa amekaa kwenye ngazi akiwa na joho la zambarau la kurekodia video. Generoza alichuchumaa mbele yake. Alikuwa mzaliwa wa Nassa, na miaka ya kazi huko Songea haikuwa imemsahaulisha salamu za Kisukuma za nyumbani.

"Mwangaluka, mayu. Pole."

"Mwangaluka. Asante."

"Niambie ulichoona."

"Alichomeka amplifaya. Akapiga noti mbili, akasema, 'Sikieni, safi kama maji.' Halafu akashika stendi ya maiki aishushe. Akakakamaa. Hakupiga kelele. Paschal alikuwa mtu wa utani, tukajua anatania."

"Kwa muda gani?"

Esteria alitazama mikono yake.

"Mpaka tulipoacha kucheka."

Generoza alivaa glavu, akarudi ndani. Amplifaya ilikuwa nzito, nyeusi, ya mtumba. Paschal aliiagiza mtandaoni pamoja na besi yake ya nyuzi tano, vyote vikaja kwa basi kutoka Dar vikiwa vimefungwa kwenye blanketi. Generoza hakuifungua. Aliinua plagi yake nyeupe, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Skrubu ya katikati ilikuwa na mikwaruzo mipya.

Aliifungua taratibu kwa bisibisi ya Koplo Mayunga.

Nyaya mbili zilikuwa mahali pake. Wa tatu, wa kijani na njano, ule wa ethi unaopeleka umeme wa hatari ardhini, ulikuwa umetolewa kwenye nafasi yake. Haukukatika. Ulikuwa umekunjwa na kufungwa kwa kipande cha uzi mwekundu, laini kama hariri. Lakini uzi ulikuwa umeteleza, na ncha ya waya ilikuwa imechomoka na kugusa skrubu ya waya wenye moto. Ilikuwa nyeusi kwa kuungua.

"Maana yake nini, afande?" Mayunga aliuliza.

"Maana yake bodi nzima ya amplifaya ilikuwa na umeme. Umeme ukapita kwenye kebo mpaka kwenye nyuzi za besi. Alipokuwa ameshika besi peke yake, hakusikia kitu. Aliposhika chuma cha maiki, mwili wake ukawa njia."

"Kwa hiyo ni ajali."

"Plagi haijifungui yenyewe."

Nje kulikuwa na kelele. Kaka wa marehemu alikuwa amewakusanya vijana wa pikipiki. Amplifaya ilitoka kwa fundi Athanasi wa Bariadi Alhamisi tu, na sasa walikuwa wanataka kwenda kuichoma karakana yake. Generoza alimpigia simu ofisa wa zamu kituoni.

"Mfuateni fundi Athanasi sasa hivi. Mleteni kituoni kabla hawa hawajamfikia."

Mchana daktari alikamilisha uchunguzi wa maiti. Kulikuwa na alama za kuungua kwenye vidole vya kushoto vilivyokuwa kwenye nyuzi, na kwenye kiganja cha kulia. Moyo ulisimamishwa na umeme. Paschal alikuwa na miaka ishirini na sita.

Fundi Athanasi alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa gundi. Alikaa kwenye chumba cha mahojiano.

"Uliitengeneza nini amplifaya ya Paschal?"

"Jeki, afande. Tundu la kuchomekea kebo lilikuwa limelegea, sauti inakatakata. Vitu vya mtandaoni ndivyo vilivyo. Picha nzuri, ukifungua ndani ni makunyanzi."

"Na plagi?"

"Niliikagua. Huwa nakagua kila plagi."

"Nani alikuona?"

"Simu yangu." Aliinua macho. "Wateja wangu wengi hawaji wenyewe. Wanatuma kwa basi kutoka Maswa, Meatu, Lamadi. Kwa hiyo kila kazi naipiga picha kabla na baada, nawatumia, wasije wakasema nimewabadilishia vifaa."

Generoza alifungua simu. Picha ilikuwepo, ya Alhamisi, saa tisa na dakika kumi. Plagi nyeupe, mfuniko umetolewa. Waya wa kijani na njano ulikuwa mahali pake, umekazwa.

Alisukuma kwake mfuko wa kielelezo wenye uzi mwekundu.

"Hiki unakijua?"

Athanasi aliusogeza karibu na miwani.

"Huu si uzi wa kushonea. Nyuzi za besi ni za chuma, ila baadhi huviringishiwa uzi kama huu mwishoni, zisikwaruze. Huu umetoka hapo. Na ni wa siku nyingi, umefifia."

"Paschal alitumia nyuzi hizi?"

"Hapana. Zake hazina uzi kabisa. Nilimfungia mwenyewe."

"Nani anatumia za hivi?"

"Kila mtu anayetafuta bei ya chini, afande. Nimeziuza mkoa mzima."

Mkuu wa upelelezi wa wilaya alisoma taarifa ya Generoza akiwa amesimama. Alisema picha inaweza kuchezewa, na kwamba Jumatatu anataka fundi afunguliwe jalada. Generoza alisema ndiyo, afande, akatoka.

Jumapili Paschal alizikwa. Generoza hakuwa na zamu. Alikula wali kwenye mgahawa ule ule karibu na stendi ya mabasi, ambako mhudumu humletea sahani bila kumuuliza kwa sababu tangu ahamie Bariadi, miaka miwili sasa, hajawahi kuja na mtu. Mumewe alizikwa Songea. Alitoa simu, akafungua kundi la ukoo. Siku nne zilizopita aliandika, "Ndugu zangu, habari za siku?" Chini yake binamu alikuwa ameweka picha ya ng'ombe anayemuuza, na watu kumi na moja walikuwa wameuliza ng'ombe yuko wapi.

Hakuna aliyejibu salamu. Alirudisha simu mkobani.

Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa nyumbani kwa Esteria.

"Chumba mnamoweka vyombo vya muziki kina funguo ngapi?"

"Mbili. Mmoja ninao mimi. Mwingine alikuwa nao Paschal, mmeukuta mfukoni mwake."

"Kuna aliyeazima wako kati ya Alhamisi na Jumamosi?"

"Hakuna. Nalala nao."

"Paschal alikuwa na ugomvi na mtu?"

"Paschal? Hata mbwa wa hapa walimpenda."

"Naomba kuona kundi la kwaya kwenye simu yako."

Esteria alimpa. Generoza alianza kusoma tangu mwezi wa kwanza, siku besi mpya ilipofika. Picha ya Paschal akiwa amelikumbatia gitaa, na pongezi arobaini. Ratiba za mazoezi. Vitenge vya sare. Utani. Alisoma polepole kwa karibu saa nzima, na mwenyeji wake akamtengea uji ukapoa.

Halafu aliona kitu ambacho pengine mtu mwingine angekipita. Kulikuwa na jina moja lililokuwa linaandika peke yake.

"Hongera sana Paschal, chombo kizuri." Wengine wote Paschal aliwajibu asante. Huyu hakujibiwa. Wiki mbili baadaye: "Wapendwa, mazoezi yapo leo?" Kimya. "Nilikuwa naumwa malaria, sasa sijambo." Kimya, kisha mtu akauliza bei ya vitambaa. Pasaka: "Heri kwenu nyote." Na Jumatano, siku tatu kabla ya kifo: "Nasikia mnarekodi Jumamosi. Nipo nyumbani kama mtahitaji msaada wa vyombo."

"Dastan ni nani?" Generoza aliuliza.

Esteria aliondoa uji uliopoa.

"Ndiye aliyekuwa mpiga besi wetu. Miaka kumi na tisa."

"Mlimwondoa lini?"

"Hatukumwondoa. Besi ya Paschal ilipokuja, tulimwita Paschal apige. Dastan alikuja mazoezini, akakuta mwenzake amesimama mahali pake. Akakaa nyuma kwenye benchi mpaka tukamaliza. Hakurudi tena."

"Nani alimweleza?"

"Hakuna, afande. Kila mmoja alidhani mwingine atamweleza."

"Na ufunguo aliokuwa nao miaka kumi na tisa?"

Esteria alifunika mdomo kwa kanga.

"Paschal alichonga wake kutokana na wangu. Ule wa Dastan hatukuudai. Kwenda kuudai ingebidi tuzungumze naye."

Nyumba ya Dastan ilikuwa mwisho wa njia, baada ya mashamba ya pamba yaliyokwisha kuvunwa. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mrefu, shati limepigwa pasi. Aliwakaribisha Generoza na Mayunga, akawafutia viti viwili vilivyokuwa na vumbi. Cha tatu, cha kwake, hakikuwa na vumbi.

Besi ya zamani ilikuwa imetundikwa ukutani. Generoza aliisogelea. Nyuzi nne. Kichwani, pale zinapokazwa, tatu zilikuwa na uzi mwekundu uliofifia. Ule mnene kuliko zote ulikuwa mtupu.

"Uzi wa huu umekwenda wapi, baba?"

Dastan alitazama besi, kisha akamtazama Koplo Mayunga mlangoni.

"Mnao nyinyi," alisema.

Kituoni, Generoza alimsomea haki zake na kuanza kuandika maelezo ya onyo. Dastan hakutaka wakili wala ndugu. Alipoulizwa ndugu wa kupigiwa simu, alisema hapana. Mkewe Minza alifariki miaka mitano iliyopita, na hawakujaliwa watoto.

"Uliingia lini kwenye chumba cha vyombo?"

"Ijumaa, saa nane mchana. Watu wote walikuwa mnadani."

"Ulitumia nini kufungua plagi?"

"Kisu cha mezani."

"Ulitaka kumuua Paschal?"

"Hapana!" Ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kupanda. "Nilitaka ivume."

"Ivume?"

"Amplifaya ikikosa ethi huvuma, afande. Mvumo mzito, huwezi kurekodi. Ile ya zamani iliwahi kuvuma hivyo siku ya askofu, wote wakachanganyikiwa, nikafungua plagi, nikakaza waya, ikatulia. Walinipigia makofi. Nikafikiri, Jumamosi itavuma mbele ya mpiga picha. Paschal hajui mambo ya ndani, yeye anajua kununua. Watahangaika. Mwisho mmoja wao atasema, mwiteni Dastan."

Generoza alikuwa anaandika bila kuinua kichwa.

"Endelea."

"Sikuwa na utepe wa umeme. Nikatoa uzi kwenye besi, nikafunga ule waya pembeni. Nilijua umekaza. Jumamosi niliamka mapema, nikaoga, nikapiga pasi shati. Nilivaa viatu. Nikakaa kwenye kiti na simu mkononi, nasubiri."

"Ulisubiri mpaka saa ngapi?"

"Mpaka saa tano, jirani alipopita akiniambia Paschal amekufa kwa umeme. Nikajua pale pale."

"Mbona hukuja kusema? Fundi Athanasi amelala mahabusu siku mbili. Nusura wamchome."

"Nilitaka kuja. Nilikwisha kushika baiskeli." Machozi yalikuwa yanamtiririka lakini hakuyafuta. "Ndipo simu ikalia. Esteria. Tangu mwezi wa kwanza hakuna aliyenipigia, afande. Hata mmoja."

"Alitaka nini?"

"Alisema, Dastan, wanaume ni wachache, njoo utusaidie kuchimba kaburi."

Kalamu ya Generoza ilisimama.

"Ulikwenda?"

"Nilikwenda. Tulianza Jumapili alfajiri, ardhi ya huku ni ngumu wakati huu. Tulipokezana sururu. Waliniita kaka. Wakauliza malaria yangu imeishaje. Kumbe walisoma." Alivuta pumzi. "Tulipomaliza wanawake walileta uji, tukakaa kwenye udongo, tukanywa wote kwa zamu kwenye kikombe kimoja. Mama yake Paschal akaja kunishika mikono. Akasema asante mwanangu kwa kumchimbia vizuri."

Nje ya dirisha Koplo Mayunga alikuwa anamfungulia fundi Athanasi lango. Fundi alitoka mbio bila kuaga.

"Sikuweza kusema pale," Dastan alisema. "Ningesema, wangeinuka."

Kosa lingeandikwa kuua bila kukusudia, na kwa hilo Generoza alikuwa na kila alichokihitaji: ufunguo, kisu, uzi, plagi, siku na saa. Habari za uji na za mikono ya yule mama hazikuwa na kazi yoyote mahakamani. Aliziandika hata hivyo, neno kwa neno kama zilivyosemwa, kisha akamsomea yote tangu mwanzo. Dastan alisikiliza ameinamisha kichwa, akasahihisha jambo moja tu.

"Si Jumapili alfajiri, afande. Mimi nilifika Jumamosi jioni. Nililala pale pale msibani, na wenzangu."