Kidole cha Tano

Jumatatu, tarehe 14 Aprili 1958, saa moja asubuhi, mlinzi Xavier alifungua ofisi ya mji wa Bukavu akakuta kabati wazi na bendera mpya haimo. Kufuli halikuvunjwa. Ilipofika saa mbili, Kasongo, mchora vibao wa mtaa wa Nyawera, alikuwa ameketi kwenye benchi la polisi hapo hapo ofisini, mikono imefungwa.

Asumini, fundi cherehani aliyeishona bendera hiyo, aliipata habari sokoni. Aliacha gauni la watu chini ya sindano, akapanda kilima kwa hasira hadi ofisini. Kasongo alikuwa mtoto wa dada yake. Akipatikana na hatia, kibali chake cha kukaa mjini kingefutwa, na lori la saa sita lingemrudisha kijijini Sange moja kwa moja.

Na kosa lake nini? Mji ulitangaza shindano, kwa sababu bendera ya zamani ilijaa simba, taji, ngao na maneno ya Kifaransa, na mtu akisimama hatua ishirini chini yake haoni ila doa. Kasongo alileta buluu ya ziwa na vidole vitano vya kijani, zile ndimi tano za nchi ambazo Bukavu imezichovya majini. Basi. Herufi hata moja hakuna. “Bendera yenye mutoto hawezi kuichora mu mavumbi,” alizoea kusema, “iko barua, haiko bendera.” Kamati ilimchagua. Ijumaa jioni Asumini alimkabidhi karani Adalbert bendera yenyewe, nayo ikafungiwa kabatini.

Sasa Adalbert huyo huyo alisimama mbele ya Komisari, Mbelgiji mwenye haraka, akishika mchoro wenye tarehe ya 3 Machi.

“Dessin hii iko yangu,” alisema. “Kasongo aliiona hapa, akaiba. Vendredi, ile Ijumaa, nilimwambia nitasema yote. Njo maana alificha bendera.”

Asumini alimgeukia mlinzi kwanza, maana mwenye ufunguo ndiye mwenye mlango.

“Papa Xavier, funguo za kabati ziko ngapi?”

“Mbili, maman. Moja yangu, moja ya karani.”

“Yako ililala wapi?”

“Mu shingo yangu. Samedi na dimanche, siku ofisi inafungwa, nilikuwa kule mu Kasha, ku matanga ya mukwe wangu.”

Sajini Cyprien aliitikia kwa kichwa. Yeye pia alikuwa matangani, na alimwona Xavier siku zote mbili.

“Yangu niliacha juu ya meza vendredi,” Adalbert akadakia. “Kasongo alikuwa anapitapita hapa.”

“Muongo!” Kasongo alipiga kelele. Komisari akatazama saa yake.

Asumini aliuomba ule mchoro. Aliuangalia mara moja tu. Kidole cha tano kilikuwa kifupi.

“Adalbert, mwanangu, wewe ulisoma,” alisema kwa upole wa kutisha. “Unifasirie. Ju ya nini hiki cha mwisho iko kifupi?”

Karani alinyoosha tai yake. “Ni symbole, ishara, maman. Mji wetu ungali unakomaa. Kile ni kesho yetu.”

“Na uliwaza hiyo tangu mwezi wa tatu?”

“Tarehe iko pale. Usome, kama unajua kusoma.”

“Sergent,” Asumini alisema, “uniitie Papa Maneno, muuza vitambaa.”

Saa nne Papa Maneno aliingia na kanzu yake, fimbo ya kupimia bado iko mkononi.

“Papa, jeudi, ile Alhamisi, nilitafuta nini kwako?”

“Kitambaa ya kijani. Nilikukatia ya mwisho, haikutosha. Nilikuambia ungoje lori ya Uvira, ukakataa, ukasema bendera inatakiwa vendredi.”

Asumini alichomoa kifuani karatasi iliyotobolewa na pini kila upande. “Hii ndiyo Kasongo alinipa nikatie. Vidole vyote sawasawa! Kile cha tano nilikifupisha mimi, jeudi jioni, ju kitambaa iliisha. Haiko symbole, Bwana. Sasa mwezi wa tatu huyu aliona namna gani kosa yenye nilifanya juzi?”

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Adalbert ilimfikisha ukutani. Cyprien alifungua droo ya meza ya karani, akaikuta bendera chini ya madaftari.

“Nilisoma miaka kumi!” karani alilia. “Yangu ilikuwa na vitu kumi na moja: chui, kitabu, volkano... kamati ikacheka. Ikamchagua mutu wa kuchora vibao!”

“Ulisoma miaka kumi,” Asumini alimjibu, “na hukujifunza kuacha kitu.”

Kasongo alifunguliwa mikono. Lakini Komisari aliikunja bendera, akaitia kabatini tena. Kwa aibu hii, alisema, shindano limefutwa. Ile ya zamani inatosha.

Asumini alihisi machozi, akayakataa. “Funga, Bwana. Weka kufuli tatu.”

Jumatano, kuta za Nyawera ziliamka na vidole vitano, vya makaa, vya chokaa, vya udongo. Polisi walifuta. Alhamisi vilirudi, hadi kwenye ukuta wa ofisi. Kasongo alikuja mbio kwenye cherehani, akicheka na kulia pamoja.

“Maman, kila mutu anachora cha tano kifupi. Nani aliwafundisha?”

“Mimi, mu mavumbi ya hapa mulangoni,” Asumini alisema, akakanyaga cherehani.