Mlango wa Kaskazini

Rowland alimwagiwa maji ya ubatizo, na hakulia.

Kwetu Wexcombe mtoto akibatizwa sharti alie. Kilio ndicho kinachotuonyesha kwamba yule mwovu ametoka, na kanisa letu la mawe lina mlango wake wa kaskazini ambao hufunguliwa siku hiyo tu, apate pa kupitia.

Hester, mama wa mtoto, alikuwa ameolewa kutoka mjini. Baridi ya Februari ilikuwa inamchapa mwanawe mwenye mafua, basi padri alipoinama kuchota maji, yeye aliusukuma mlango ule taratibu ukajifunga. Wengine hapa hawamsalimii mpaka leo. Mimi simlaumu, jamani. Mama gani angekaa tu?

Kitu kikaanza kukwaruza mlango kwa ndani.

"Nani kafunga?" alinong'ona Edith, mama mkwe wake.

"Mimi, mama. Mtoto anapiga chafya."

"Mungu wangu! Si ungemwacha apige chafya hadi kesho! Padri, fungua!"

"Bi Edith, hayo mambo ya kizamani..." alisema padri, lakini macho yake yalikuwa mlangoni.

Mkwaruzo ukaacha mlango, ukaja sakafuni polepole, ukipita kati ya viti, na harufu ya udongo wa kaburi bichi ikaja nao, mishumaa ikanywea, Edith akashindwa hata kumaliza sala aliyoianza, mpaka mkwaruzo ukafika miguuni pa Hester, ukapanda gauni lake, ukanyamaza.

Padri alikimbia akavuta komeo. Mlango ukafunguka, na kitu chepesi kikawapita kwenda nje.

"Kimetoka," alihema. "Tumshukuru Mungu."

Huko nje, makaburini, mtoto mchanga akaanza kulia.

Maziwa yalimchuruzika Hester yakalowesha gauni. "Huyo ni Rowland! Mwanangu analia!"

"Wewe, mbona Rowland umempakata?" Edith alisema, akilia na yeye.

Hester akatazama chini. Aliyempakata alikuwa anamtabasamia, pua kavu, mafua yamekwisha kabisa, na taratibu akageuza uso kulitafuta titi.

"Padri, tufanyeje?" aliuliza Hester.

Padri alikuwa ameinamisha kichwa.

Nje, mbali kidogo kuliko mwanzo, Rowland akapiga chafya.