Usingizi wa Clive Haddow

Siku ya kwanza Clive Haddow kumsalimia mtu wa Calaseca, mji wetu wa pwani, alikuwa amelala uani kwake, mdomo wazi, na mkewe ameketi pembeni akimfukuzia inzi.

Aliyesalimiwa ni Casilda Requena, mwenye nyumba waliyopanga. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, wakati mji wetu hufunga madirisha ya mbao na hata mbwa huingia chini ya magari. Casilda alikuwa dirishani akimwagilia maua yake, akamwona Mwingereza anapanda mtaa kutoka baharini, peku, bila kofia, kwenye jua la kuwatoa watu akili. Alipofika chini ya dirisha akasimama, akaweka kiganja kifuani na kusema kwa Kihispania safi, Kihispania cha mabibi wa mabibi zetu:

"Mungu akuhifadhi, bibi. Mguu wa mama yako ulipona?"

Kopo la maji lilimponyoka Casilda. Mama yake alikuwa kaburini miaka mingi, na ule mguu ndio uliomuua. Isitoshe, Clive hakujua Kihispania. Alikuwa amekaa nasi majira mazima ya baridi, na alichojifunza ni neno la mvinyo na neno la "upesi."

Casilda akavuka mtaa na kubisha mlango wa wapangaji wake. Maureen, mke wa Clive, akafungua akiwa ameweka kidole mdomoni.

"Mzee yuko wapi?" Casilda akanong'ona.

"Amelala. Tafadhali, usimwamshe. Atanigombeza."

"Amelala wapi?"

"Uani. Pale pale pake."

Casilda akachungulia. Clive alilala kwenye kitanda chake cha turubai kando ya kisima, tumbo juu, mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Inzi alikuwa akitembea juu ya jicho lililokuwa nusu wazi, juu ya jicho lenyewe, na jicho halikupepesa. Kifua hakikupanda wala kushuka. Nyayo zake zilikuwa zimelowa, na ua mzima ulinuka maji yaliyofungiwa muda mrefu, udongo mbichi na maua ya mchungwa yaliyooza.

Kisha akavuta pumzi kwa kishindo, kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji, akageuza kichwa.

"Huyu mnene anataka nini tena?" akamwuliza mkewe.

Hivyo ndivyo alivyokuwa, na nisiseme uongo kwa sababu ya yaliyompata. Calaseca tumewazoea wageni wa kukaa. Huja kwa wiki chache, wakaona jua halina haraka, nao wakaacha haraka. Wengi hawana ubaya. Clive alikuwa na ubaya. Alistaafu mapema huko kwao, akaja kupumzika, na kupumzika kwake kulikuwa kazi ya watu wengine wote. Asubuhi alilalamikia mkate. Mchana alikula dagaa wa siki na zeituni, akatema kokwa chini ili Maureen aokote. Mvinyo wetu aliuita dawa ya kikohozi, akanywa chupa nzima. Clive hakumwita mkewe kwa jina. Alimwita "wewe," na akiwa na furaha, "mwanamke."

Na sisi je? Sisi tulimchekea, tukamfungulia milango, tukamwita bwana. Casilda ndiye aliyezidi. Nyumba ile yeye mwenyewe asingelala humo hata kwa bunduki. Kisima cha uani kilichimbwa na Waislamu wa zamani, waliokuwa wenyeji kabla yetu. Walipofukuzwa kwa upanga na kupakiwa melini, mmoja wa nyumba ile hakupakiwa, kwa kuwa hakuwa na mwili wa kumpakia; alibaki kisimani. Kila familia ya mtaa ule inamjua na haimtaji. Casilda aliwaambia wapangaji neno moja tu: wakilala mchana, walale ndani na wafunge mlango wa uani.

Clive alicheka mpaka akakohoa. "Mwanamke, umesikia? Washamba wanaogopa shimo. Wewe, lete kitanda changu hapo hapo kando yake. Kuna kibaridi."

Maureen akakiburuta.

Baada ya siku ile ya salamu, usingizi wa Clive ukaanza kurefuka. Zamani alilala kidogo na kuamka akidai chai. Sasa jua lilizunguka ua mzima likaondoka, naye bado amelala na jicho lake nusu wazi. Na watu waliendelea kumwona. Mwuza samaki alimkuta amekaa ukutani pwani, akaulizwa habari za papa ambao hawavuliwi tena. Padri alimkuta amesimama nje ya kanisa akiupapasa ukuta wa nyuma, ule wa mawe ya zamani, kama mtu anayempapasa farasi wake. Kila mmoja alisalimiwa kwa adabu, kila mmoja akaona nyayo za maji juu ya mawe ya moto, na kila mmoja akaenda nyumbani asiseme kitu. Sisi ni watu wa namna hiyo.

Kisha akaingia jikoni.

Maureen alikuwa akiosha sahani, mgongo wake kwa mlango, aliposikia kiti kinavutwa taratibu, na kabla hajageuka harufu ile ya udongo mbichi ilikuwa imekwisha kumfika puani, na alipogeuka alimwona mumewe ameketi mezani anamenya chungwa, ganda likining'inia refu bila kukatika, nywele zimelowa, uso umetulia kwa namna ambayo hakuwahi kuuona umetulia tangu siku ya harusi yao. Na kupitia dirisha la jikoni, nyuma ya bega la yule aliyeketi, aliona kitanda cha turubai, na juu yake mumewe, mdomo wazi, inzi wakimtambaa.

Hakupiga kelele. Alikuwa amezoezwa kutopiga kelele.

"Keti, Maureen," yule wa mezani akasema. "Umesimama tangu asubuhi."

Akaketi.

"Unapenda nini?" akamwuliza, akimsogezea kipande cha chungwa. Vidole vyake vilikuwa baridi kama jiwe la chini ya mto.

"Mimi?"

"Wewe. Nani mwingine yuko humu?"

Aliogopa, lakini alimjibu. Alimwambia anapenda kuimba. Alimwambia kwa sauti ndogo, huku akitazama dirishani asije yule wa nje akaamka na kusikia. Siku iliyofuata alishikwa na hofu ile ile, na akavaa gauni lake la bluu.

Aliyekuwa na hofu ya kweli sasa ni Clive. Alipoamka alikuwa amelowa mpaka kiunoni. Ngozi ilimlegea kama nguo ya mtu mwingine. Mezani alinyoosha mkono akitaka kijiko, jina la kijiko likamkimbia, akabaki akipiga meza kwa ghadhabu na machozi yakimtoka.

"Nakuwa chini," akamwambia mkewe. "Ninapolala nakuwa chini mahali fulani. Naona juu duara la mwanga. Nakusikia unacheka na mtu. Unacheka na nani?"

"Unaota, Clive."

"Turudi kwetu. Leo. Maureen, nakuomba."

Hakuwahi kumwomba kitu. Maureen akakunja kitambaa cha sahani, akakikunjua, akakikunja tena.

"Mbona haraka?" akasema. "Hewa ya hapa inakufaa."

Casilda aliyasikia hayo akiwa mlangoni na bakuli la supu, na safari hii aibu ilimshinda. Akapanda kwa Bi Fuensanta.

Bi Fuensanta ndiye mganga wetu: mwanamke mpana, mvuta sigara, anayetudharau sote sawasawa. Alimsikiliza Casilda bila kumkaribisha kiti.

"Umempangishia mtu mdomo wa kisima," akasema. "Na unajiita Mkristo."

"Nilimwambia alale ndani!"

"Ulimwambia nusu. Nusu nyingine uliila wewe. Twende, kabla sijabadili mawazo."

Walifika wakati wa usingizi, mtaa kimya, jua limesimama. Clive alikuwa kitandani kwake kando ya kisima. Bi Fuensanta alimwangalia kama mtu anavyoangalia samaki wa jana. Akachoma majani makavu ya mlimani, akamwaga chumvi kuzunguka kitanda, akaweka sahani ya maji juu ya kifua kile kisichopumua, na kudondosha tone la mafuta ya zeituni. Tone halikuelea. Lilizama mpaka chini likakaa kama jicho.

"Humu hamna mtu," akasema polepole. "Mwili huu ni nyumba tupu. Wako wawili mlangoni, mmoja wa chini na mmoja wa juu. Mimi naweza kuushika mlango, lakini sina ruhusa ya kuchagua anayeingia. Mwenye kuita ni mtu wa nyumbani." Akamgeukia Maureen. "Mama, mwite mumeo. Kwa jina lake. Usikawie, mkono wangu hauna nguvu za milele."

Maureen alisimama na gauni lake la bluu. Kwenye kivuli cha mlango wa jikoni palikuwa na mtu amesimama, nywele zimelowa, mikono ameikunja mbele kwa heshima. Alikuwa akimngoja tu.

Ndipo kisima kikasema.

Ilikuwa sauti ya Clive, lakini imepungua, imelowa, inapanda kwa kugonga ukuta huu na ukuta ule. "Maureen. Ni giza. Kuna kitu kimenishika miguu. Niite, Maureen, nakusihi, niite nipande."

Casilda alianza kulia. Hata Bi Fuensanta alifumba macho. Na Maureen, mtu yeyote aliyekuwapo angeapa, alifungua mdomo, na midomo yake ilikwisha kuliandaa jina lile, herufi ya kwanza imesimama kwenye ulimi, kwa kuwa miaka ni miaka hata ikiwa mibaya, na mtu anayezama ni mtu anayezama.

"Niite!" kisima kikanguruma. "Unangoja nini, mwanamke? Hata hili nalo linakushinda? Upesi, bure wewe!"

Maureen akafunga mdomo.

Alisimama hivyo, mikono imelegea, na ule moshi wa majani ukampita usoni. Chini kule sauti iliendelea, ikawa tusi, kisha ombi, kisha mlio usio na maneno. Bi Fuensanta akaikandamiza sahani kwa mkono wa pili.

"Mama, mwite! Naishiwa!"

Maureen akageuka kuelekea mlango wa jikoni. "Karibu," akasema. "Ingia."

Sahani ilipasuka. Kivulini hapakuwa na mtu tena. Juu ya kitanda kifua kikapanda, taratibu, kikashuka, na jicho lile likapepesa kwa mara ya kwanza. Alikaa kitako, akafuta maji kifuani, akamtazama mganga.

"Asante kwa kazi yako, bibi," akasema kwa kile Kihispania chake cha makaburini. "Usirudi tena."

Bi Fuensanta alikusanya vitu vyake. Mtaani alitema mate, mara moja kwa ajili ya nyumba na mara moja kwa ajili ya Casilda, akapanda kwake.

Mtaniuliza tulifanya nini. Tulifanya tunachofanya siku zote. Kwa kuwa huyu mpya alikuwa na adabu, tulimpenda. Aliwabebea vikapu wanawake, aliketi na wazee, alijua majina ya babu zao na aibu za babu zao. Maureen alionekana sokoni akinunua samaki huku akiimba. Watu walisema bahari imemfaa yule bwana, imempunguzia hasira. Walisema hivyo wakiangalia pembeni. Kisima tulikifunika kwa bamba la zege, Casilda akaweka vyungu vya maua juu yake, na aliyepita karibu akisikia kitu aliongeza mwendo.

Majira ya joto yalipopamba moto, Casilda alivuka mtaa mchana mmoja kupeleka tini. Mlango wa mbele ulikuwa umesindikwa tu. Akaingia mpaka kwenye ushoroba, ndipo akasikia lile bamba zito linasukumwa uani, na vyungu vikivunjika kimoja kimoja. Akasimama palipo na kivuli. Kutoka pale aliiona meza ya jikoni, Maureen ameketi, na yule bwana anarudi kutoka nje akipangusa vumbi mikononi. Alipiga goti mbele ya kiti cha Maureen, akamshika mikono yote miwili.

"Maureen," akasema, kwa upole ambao ungeweza kumlaza mtoto. "Nikuombe kitu kimoja?"

"Chochote."

"Leo kalale nje, pale kando ya kisima. Nimekutandikia."

Maureen alicheka kidogo. Kisha akaacha. "Kwa nini?"

"Mke wangu bado yuko chini," akasema. "Amengoja sana."

Maureen alijaribu kuvuta mikono yake na haikutoka. Aligeuza macho, akatazama mlangoni, akamwona Casilda pale kwenye ushoroba na bakuli lake la tini. Midomo yake ikatikisika. Hakuna sauti iliyotoka, lakini Casilda alilisoma neno: lilikuwa jina lake yeye, Casilda.

Yule bwana naye akageuza kichwa. Hakukasirika. Alimwinamia Casilda kwa heshima, kama jirani kwa jirani, akangoja aone atafanya nini.

Casilda alirudi kinyumenyume. Aliweka bakuli sakafuni kwa uangalifu lisilie, akatoka, na akauvuta mlango nyuma yake polepole, akilinyanyua komeo kidogo kwa kidole ili lisigonge.